Shokapu za kurekebishwa: gari moja, barabara mbili

Bonasi ya majani chai ikishalipwa, maduka ya vipuri mjini Kericho, Litein na Bomet hupata wateja wa sampuli mbili. Wapo wanaokuja kununua kilichoharibika, na wapo wanaokuja kununua kilichowapendeza. Kundi hili la pili siku hizi linaulizia kitu ambacho zamani kilikuwa cha madereva wa mashindano peke yao, nacho ni shokapu za kurekebishwa, yaani zile ambazo mwenye gari anaweza kuzikaza au kuzilegeza apendavyo kwa kuzungusha kifundo kidogo kilichowekwa juu au chini yake.

Mwalimu mmoja kijana, anayesomesha Hisabati katika shule ya upili isiyo mbali na Litein, ndiye aliyeniletea swali hili kwa uzito unaostahili. Ana gari dogo aina ya Toyota, la kuvutwa na magurudumu ya mbele. Jumatatu hadi Ijumaa gari hilo humpeleka kazini pamoja na walimu wenzake wawili, na mara kwa mara hubeba wanafunzi wanaokwenda kwenye tamasha za muziki au drama. Jumapili moja moja anataka kulipeleka uwanjani kushindana katika autokrosi. "Mwalimu," aliniambia, "nikinunua shokapu za mashindano nitawaumiza abiria, nikinunua za barabarani nitaaibika uwanjani. Je, zipo zinazoweza kazi zote mbili?" Nimeona heri nimjibu gazetini kuliko kumjibu kando, maadam wenye swali kama lake ni wengi, na maadam kosa katika jambo hili halimgharimu mnunuzi peke yake. Walioketi kiti cha nyuma hawakuulizwa.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Autokrosi ya Marekani huchezwa juu ya lami, aghalabu katika viwanja vipana vya kuegeshea magari, njia ikiwa imechorwa kwa vikoni vya plastiki. Ya Uingereza huchezwa mashambani, penye nyasi. Ya kwetu Kenya, inayosimamiwa na shirikisho la mashindano ya magari, KMSF, huchezwa juu ya udongo: njia fupi ya mzunguko, gari moja moja likishindana na saa, kuanzia watoto wadogo katika vigari vyao vya kundi la bambino mpaka watu wazima wenye magari ya turbo yanayovutwa na magurudumu yote manne. Uwanja wa Jamhuri jijini Nairobi umewahi kuona mengi ya mashindano hayo. Kiangazi ni vumbi, masika ni tope. Basi ushauri mwingi ulioandikwa ughaibuni, unaosema gari lishushwe chini, springi ziwe ngumu na shokapu zikazwe, ulikusudiwa lami kavu iliyonyooka kama meza. Anayeuchukua ushauri huo mzima mzima na kuuleta Kapkatet ni kama aliyenunua viatu vya densi akaenda navyo kuchuma chai.

Sasa shokapu hufanya nini hasa? Wengi hudhani ndiyo inayobeba gari. La hasha. Uzito wa gari hubebwa na springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi. Mwanafunzi aliyesoma kanuni ya Hooke, ambayo mtaala wa 8-4-4 umekuwa ukiifundisha katika Kidato cha Pili, anajua kwamba springi iliyobanwa huhifadhi nguvu zote iliyobaniwa, kisha huzirudisha. Bila kitu cha kuzimeza nguvu hizo gari lingeruka juu na chini mara nyingi baada ya kila tuta. Ndani ya shokapu mna pistoni inayopita katika oili, na oili hiyo hulazimishwa kupenya katika vitundu na vali nyembamba. Ukinzani huo ndio unaogeuza mwendo kuwa joto. Ndiyo sababu fundi mzee, gari likitoka katika barabara mbovu, hugusa shokapu zote nne kwa nyuma ya vidole: tatu zikiwa za moto na moja baridi, hiyo ya baridi haifanyi kazi.

Tupige hesabu kidogo, maana wasomaji wa ukurasa huu hawaziogopi. Chukua kona moja ya gari dogo inayobeba kilo 250, na springi ambayo ukiipima penye gurudumu inahitaji nyutoni 20,000 ili ibanwe mita moja. Gawanya 20,000 kwa 250, upate 80; kipeuo chake cha pili ni karibu 8.9, gawanya kwa mara mbili ya pai, na utaona kwamba kona hiyo ikiachwa itacheza takriban mara 1.4 kwa sekunde. Sasa tafuta ukinzani ambao ungeifanya irudi mahali pake bila kupitiliza hata kidogo. Zidisha 20,000 kwa 250, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa mbili: utapata karibu 4,470, kwa kipimo cha nyutoni kwa kila mita moja ya mwendo wa sekunde. Huo tuuite ukinzani wa kikomo. Gari la barabarani lililostarehe hutumia robo yake au thuluthi. Gari la mashindano ya lami laweza kufika thuluthi mbili.

Hapo ndipo siri ya shokapu ya kurekebishwa ilipo. Tuseme shokapu ya mwalimu wetu ilitengenezwa itoe asilimia 30 ya kikomo, yaani kama 1,340. Akipakia abiria na mizigo nyuma, kona ile ikabeba kilo 350, kikomo hupanda hadi karibu 5,290, na shokapu ile ile sasa inatoa asilimia 25 tu. Gari linaanza kuyumba. Akibadilisha springi akaweka ngumu maradufu, kikomo kinafika 6,325 hivi na shokapu inabaki na asilimia 21. Litarukaruka kama mwanambuzi. Lakini angalia pia upande wa pili: springi imekuwa ngumu mara mbili, ilhali ukinzani unaohitajika umeongezeka mara 1.4 pekee. Kijana anayefunga springi ngumu kisha akazungusha kila kifundo mpaka mwisho amepitiliza mbali sana. Watu kama hao ni wengi, na huwatambua kwa jinsi wanavyoshika mgongo wanaposhuka garini.

Turudi katika barabara zetu. Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake ina mazoea ya kuja alasiri, mara nyingine na mawe ya barafu, saa zile zile walimu wanapotoka shuleni. Barabara ya lami kutoka Kericho kupitia Litein na Kapkatet hadi Kaplong, inapokutana na ile ya Bomet kwenda Sotik na Kisii, ina matuta, kona na miteremko. Trekta na malori yanayotoka katika vituo vya kununulia majani huipaka lami hiyo udongo mwekundu, na udongo huo ukilowa ni mrenda. Ukiiacha lami ukaelekea viwandani, kwa mfano Momul, Kapkoros au Tirgaga, unakutana na murram, na kiangazi murram hufanya vijituta kama ubao wa kufulia nguo. Tuseme vijituta hivyo vimeachana sentimita 70 na unakwenda kilomita 50 kwa saa: kila gurudumu linapigwa mara 20 kwa sekunde. Hapo gurudumu lahitaji kupanda upesi na kushuka upesi. Shokapu iliyokazwa kupita kiasi hairuhusu gurudumu kushuka kabla ya kijituta kinachofuata. Kila pigo linalikuta likiwa juu zaidi, gari linazidi kuzama, na mwisho linapiga mipira ya kikomo na kukosa nafasi yoyote ya kubonyea. Dereva huhisi kama anaelea, usukani ukiwa mwepesi usio na habari za ardhi. Anaelea kweli, kwa sababu tairi nusu ya muda haziko chini.

Kwa hivyo ninapoulizwa shokapu ipi, naanza kwa kutofautisha miendo miwili. Upo mwendo wa kubanwa, gurudumu linapopanda, na upo mwendo wa kurefuka, linaposhuka. Udongo unataka wa kwanza uwe mpole ili gurudumu lifuate ardhi. Huu wa pili ndio unaoidhibiti springi inaporudisha nguvu zake, na ndio unaomfaa dereva kuurekebisha. Zipo shokapu zenye kifundo kimoja kinachogeuza kurefuka peke yake, kama Koni za rangi ya manjano kutoka Uholanzi. Zipo zenye kifundo kimoja kinachogeuza yote mawili kwa pamoja, kama zile AGX ambazo Kayaba wa Japani waliwahi kuzitoa. Zipo za vifundo viwili, vitatu hata vinne, nyingine zikiwa na mitungi ya oili iliyofungwa kando, kama zile za Öhlins wa Uswidi zinazotumiwa katika mashindano makubwa. Maoni yangu ni haya, na sitayazungusha: kwa gari la kazi na la autokrosi ya Jumapili, chukua kifundo kimoja cha kurefuka. Kifundo kinachogeuza yote mawili kitakulazimisha kukaza mwendo wa kubanwa kila unapotaka kutuliza ule wa kurefuka, na murram itakuadhibu. Vifundo vinne ni vya timu yenye mhandisi na siku nzima ya majaribio. Mwenye gari mmoja akipewa vifundo vinne kwa kila gurudumu ana mambo 16 ya kukosea.

Umbo la ndani nalo lina maneno. Shokapu ya mrija mmoja, ambayo kampuni ya Bilstein ya Ujerumani iliisambaza ulimwenguni tangu miaka ya 1950, ina pistoni pana na gesi ya naitrojeni iliyotenganishwa na oili, kwa hivyo hupoa vyema na oili yake haifanyi povu haraka. Ya mirija miwili ni ya kizamani zaidi na huchoka mapema katika vijituta virefu. Kwa hesabu ya joto mrija mmoja unashinda. Lakini sisi tuna mawe. Katika mrija mmoja pistoni hutambaa moja kwa moja juu ya ukuta wa nje, na jiwe likiubonyeza ukuta huo pistoni hukwama au mpira wake hukatika, na shokapu imekufa. Mrija wa nje wa ile nyingine ukibonyea kidogo, wa ndani huendelea na kazi. Autokrosi ni mizunguko michache ya dakika chache, si safari ya siku tatu, na joto halipati muda wa kuua kitu. Kwa hiyo shokapu za nyuma, ambazo ndizo hupokea mawe, naona mirija miwili iliyotengenezwa vizuri inatosha kabisa katika sehemu hizi. Atakayechagua mrija mmoja na afunge kinga ya bati au ya mpira mzito.

Kuhusu zile seti zenye nyuzi za kushusha na kupandisha gari, nina shaka nazo. Vijana huzinunua kwa ajili ya kushusha. Gari likishushwa sentimita 5 limepoteza sentimita 5 za nafasi ya kubonyea, na matuta ya Litein hayajashushwa. Anayezitaka kwa kupandisha kidogo siku ya mashindano sina ugomvi naye, mradi urefu wa shokapu yenyewe uliruhusu jambo hilo. Shokapu fupi ikinyanyuliwa hufika mwisho wa urefu wake gurudumu likiwa bado hewani.

Kericho ina haki ya kusema juu ya magari kuliko inavyodhaniwa. Joginder Singh, aliyeshinda mbio za Safari mara tatu, mwaka wa 1965 akiwa na nduguye Jaswant katika Volvo PV544, kisha 1974 na 1976 katika Mitsubishi Colt Lancer, alizaliwa Kericho mwaka wa 1932. Alianza kama kijana wa spana katika gereji ya babake. Ile Volvo ya 1965 haikuwa mpya, ilikuwa imekwisha kutumiwa na wengine. Katika Safari 22 alizoshiriki alimaliza 19, na kwangu mimi hesabu hiyo inazidi vikombe vyake vyote, kwa sababu Safari za wakati huo zilikuwa za maelfu ya kilomita na mwaka wa 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu, lake likiwa mojawapo. Alifariki mwaka wa 2013. Safari iliporejea katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, ilihamia Naivasha, na magari yake yana shokapu ambazo Joginder angezitazama kwa mshangao. Mawe, hata hivyo, ni yale yale.

Suala la pesa halina budi kutajwa. Seti ya shokapu nne za kurekebishwa kutoka ng'ambo yaweza kumla mwalimu mishahara kadhaa, na hapo ndipo vishawishi huanza. Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi inajulikana kwa vipuri vilivyotumika Japani, na baadhi yake ni vizuri. Shokapu iliyotumika, lakini, siinunui kwa macho. Ibane kwa uzito wa mwili wako, iache, sikiliza. Irefuke taratibu, bila kuruka pengo katikati. Tazama fimbo yake kama ina michubuko au kutu, maana fimbo yenye mchubuko itararua mpira wa kuzuia oili katika wiki chache. Zungusha kifundo mwanzo hadi mwisho ukihesabu milio yake, kisha ubane tena: kama hakuna tofauti mkononi, kifundo ni pambo. Na iwapo utaona alama ya kuchomelea ndogo kama punje ya mtama penye mrija, jua kwamba ilitobolewa, ikatiwa oili yoyote iliyopatikana, ikazibwa na kupakwa rangi. Nimeziona nyingi. Uzito wa oili ndani ya shokapu ulipimwa na aliyeitengeneza, na oili ya injini si badala yake.

Isitoshe, shokapu si kitu cha kwanza cha kununua. Gari lenye bushi zilizokufa, boljointi zinazolia na tairi zilizoisha halitatengenezwa na shokapu yoyote. Litafichwa kasoro kwa muda. Katika orodha yangu tairi zinatangulia, kisha breki, kisha bushi, ndipo shokapu. Kama pesa zimeishia penye bushi, nenda ukashindane na shokapu za kawaida zilizo mpya. Utajifunza zaidi. Uliza pia bima yako inasemaje, kwa kuwa mkataba wa kawaida wa bima ya gari hauhusishi mashindano.

Zikishafungwa, kazi ya kuzirekebisha inampendeza kila mwalimu wa sayansi, kwa sababu ni jaribio la maabara. Legeza zote hadi mwanzo. Chagua kipande kimoja cha barabara chenye tuta, kona na murram, ukipite kwa mwendo ule ule ulio halali. Kaza milio miwili mbele na miwili nyuma, urudie. Andika. Gari litafika mahali litakapoacha kuyumba mara ya pili baada ya tuta, na hapo ndipo pa kuishi siku za kazi. Ukiendelea kukaza utaona tairi zinaanza kutetemeka na mkono kuhisi kila changarawe. Umepita, rudi nyuma. (Wenyeji wana kipimo chao cha tatu: kibuyu cha mursik kilichowekwa buti kikifika salama bila kumwagika, shokapu ni nzuri. Sijapata kipimo bora zaidi cha gari lililojaa watu.) Kwa uwanjani, badilisha upande mmoja tu kwa wakati. Gari la kuvutwa mbele huwa na tabia ya kusukuma pua nje ya kona. Kulegeza mbele kidogo au kukaza nyuma milio miwili husaidia gari kuingia konani, lakini kumbuka shokapu hutenda kazi wakati uzito unahama, yaani unapoingia na unapotoka. Tatizo likiwa katikati ya kona ndefu, lipo kwenye springi, tairi au mguu wako.

Jambo moja sikubaliani nalo hata kidogo, nalo ni kuacha mpango wa uwanjani mpaka Jumatatu. Nyuma iliyokazwa, inayokusaidia kugeuza gari katika vumbi la Jumapili, ndiyo itakayoutupa mkia wa gari nje asubuhi yenye ukungu, lami ikiwa imepakwa udongo, na kiti cha nyuma kikiwa na watu. Kuirudisha ni kazi ya dakika kumi. Ihesabiwe kutoka mwisho uliolegea kila mara, kwa kila shokapu, kwa sauti ikibidi, kwa sababu milio miwili ya tofauti kati ya kushoto na kulia haionekani kwa macho, bali huonekana breki zinapokanyagwa kwa ghafla.

Mwalimu wa Litein amekwisha kununua tairi na bushi. Shokapu ameziagiza za kifundo kimoja, mirija miwili, urefu wa kawaida, na atazifunga Desemba shule zikifungwa. Springi za kiwandani anaziacha zilivyo. Ameniambia kwamba wanafunzi wake watapima urefu wa kila kona ya gari kabla na baada, kwanza likiwa tupu, kisha likiwa na watu watano, na kwamba wamekwisha kugombania nani ataketi nyuma.